Karata Zilizochongwa kwa Mkono

Mwanaume aliyekuwa akinikata vipande viwili kila Jumamosi alinitumia karatasi za talaka pamoja na boksi moja la takataka.

Sitanii. Chester Vankirk, mwanamazingaombwe anayejulikana mji wetu mzima wa Toledo, Marekani. Mume wangu. Mimi nalala ndani ya sanduku, yeye anashika msumeno, watu wanampigia makofi.

Wasichokijua ni kwamba michezo yetu niliibuni mimi. Jikoni kwangu, huku nakaanga viazi.

Aliondoka na kila kitu. Njiwa, masanduku, hadi jina la onyesho. Akamchukua na binti anaitwa Tawny, akamvika magauni yangu.

Nikampigia simu.

"Chester, ile michezo ni yangu."

"Verna, acha vichekesho. Wewe ulikuwa pambo. Pambo halibuni kitu."

Akakata.

Jamani, nilichemka! Nikalipiga teke lile boksi pale mlangoni, likapasuka, vikorokoro vikatapakaa kwenye theluji. Vitambaa vilivyotoboka, fimbo iliyovunjika, na pakti moja ya karata, kuukuu, imefungwa kwa mpira.

Nikaziokota nizitupe. Vidole vikashtuka.

Zilikuwa karata za kuchongwa. Kila karata, upana wa ncha moja umepunguzwa kuliko wa ncha nyingine, kiasi cha unywele tu. Mtu akichomoa karata, wewe unaigeuza pakti kimyakimya. Akiirudisha, inakaa kinyume na zingine, kingo zake zinajitokeza. Macho hayaoni kitu. Vidole vinaona.

Mchezo wa watoto! Kila mwanamazingaombwe anaujua na kuudharau. Zinauzwa dukani karibu na pipi.

Lakini hizi hazikuwa za dukani. Kuna mtu alikaa akazichonga moja moja kwa mkono. Nani? Sikujua.

Nikafanya mazoezi kwa hasira. Kabla ya kazi, baada ya kazi, kwenye gari nikisubiri taa ziwe kijani.

Chama chetu cha mazingaombwe kina onyesho kila theluji inapoyeyuka, na mwanachama yeyote anaruhusiwa kupanda jukwaani. Nikapanda.

Chester alikuwa mstari wa mbele na Tawny wake.

"Pambo limeota miguu!" akapayuka. Ukumbi ukacheka.

"Njoo unisaidie, mpenzi," nikamwambia. "Leo pambo ni wewe."

Wakacheka zaidi. Akaja, amevimba kama kifutu. Nikampa pakti aikague. Akaikodolea macho migongo ya karata kwenye taa, anatafuta alama. Kingo hakuzigusa. Miaka yote ile karata nilishika mimi, yeye alishika maikrofoni.

Nikaichukua pakti, akachomoa moja, na alipokuwa akiwaonyesha watu nikaigeuza pakti kimyakimya. Akairudisha, akachanganya kwa mbwembwe. Nikajifunga kitambaa machoni. Nikapitisha vidole pembeni mwa pakti, nikachomoa, nikainua juu.

"Ni hii?"

Ukumbi ukalipuka.

"Umefanyaje?" akaninong'oneza.

"Pambo halibuni kitu, Chester."

Nilidhani nimemaliza kazi. Wapi!

Nimesimama kwenye meza ya kahawa, mama mmoja mwenye mvi akanijia.

"Mwanangu, hebu nizishike hizo karata."

Akafumba macho, akazipapasa. Machozi yakamtoka.

"Hizi nilizichonga mimi. Naitwa Ardith. Nilikuwa mke wake kabla yako."

"Lakini... wewe ulishakufa! Chester aliniambia mke wake wa kwanza alifariki. Kila mwaka alikuwa anakulilia mbele yangu!"

"Alilia?" Akacheka kwa uchungu. "Niko mjini Dayton, mwanangu, leo nimekuja kutazama tu. Niliacha jukwaa baada ya kuambiwa mimi ni mshika njiwa tu."

Nilikuwa nimewasha mishumaa kanisani kwa ajili ya mtu aliye hai!

Tukageuka. Tawny alikuwa nyuma yetu, ameshika koti la Chester. Alikuwa amesikia yote.

"Ule mchezo wake mpya wa kamba," akasema polepole, "niliubuni mimi. Ameniambia nikitamka hilo, ananiacha."

Chester akaita kutoka mlangoni, "Tawny! Koti!"

Binti akaliachia. Likaanguka sakafuni, kwenye kahawa iliyomwagika. Akavuta kiti, akakaa na sisi.

Ndugu msomaji, na hasa wewe dada: kama kazi ni yako, iseme ni yako siku hiyohiyo, mbele za watu. Anayekula jasho lako hashibi. Akiona umenyamaza, atakutangaza marehemu, na watu watampa pole.