Nilimrudisha Mdogo wa Rafiki Yangu

Siku niliyoombwa niweke jina la kweli, nilikuwa nimekaa uani kwangu Mbulumbulu, Karatu, nachambua maharage. Ombi lilikuja kwa ujumbe wa sauti kutoka kwa mwanamke anayesimamia kundi letu la hadithi la kwenye simu. Ni fundi cherehani wa Arusha, na hatujawahi kuonana.

"Babu," alisema, na nyuma yake mashine ilikuwa inalia, "huyu kijana wa hadithi yako hajakaa vizuri. Jina ulilompa ni kama la kitabu cha darasa la tatu. Si ulisema ni mtu uliyemfahamu? Mpe jina lake mwenyewe, uone atakavyosimama."

Nilisikiliza mara mbili. Nilikuwa na sababu ya kukataa, na sababu yenyewe niliijua vizuri. Nikabonyeza simu nikamjibu, "Sawa mwanangu, nitampa."

Tangu hapo nimejaribu sana kukumbuka nilikuwa nawaza nini nilipotamka hiyo sawa. Nadhani nilikuwa nawaza maharage. Yalikuwa na fukusi mwaka ule.

Kuandika kwangu kulianza kwa uongo. Nilipomaliza kidato cha nne nilipata kazi ya kutunza stoo katika hoteli ya watalii ukingoni mwa kreta, na huko nikakutana na rafiki yangu, Mmasai wa Ngorongoro, aliyekuwa mlinzi. Gari la mboga kutoka Arusha lilikuwa linaleta gazeti lenye hadithi ya mfululizo, habari za mpelelezi mmoja wa Dar es Salaam na mwanamke aliyekuwa anamtoroka kila wiki. Rafiki yangu hakujua kusoma wakati ule. Mchana, kabla hajaingia zamu, tulikaa kwenye makreti ya soda nyuma ya stoo, nikamsomea.

Kuna wiki dereva alisahau gazeti. Nilipomwona rafiki yangu anavyokuja anafunga shuka vizuri kwa ajili ya hadithi, nilishindwa kumwambia. Nikachukua gazeti la zamani, nikalikunja, nikasoma mambo yasiyokuwamo. Mpelelezi akapanda basi, akashuka Karatu, akauliza habari za yule mwanamke sokoni. Nikaona inawezekana. Wiki nyingine dereva alifungia mayai gazeti lenyewe, nikatunga tena. Nilifanya hivyo kwa miezi, mpaka siku moja rafiki yangu aliinua mkono.

"Ngoja kwanza," alisema. "Huyu mpelelezi wa Dar es Salaam, tangu lini anajua mbegu ya maharage?"

Nilianza kukunja gazeti.

"Na juzi alijua bei ya ngano. Leo anajua fisi analia saa ngapi. Wewe, unasoma au unanidanganya?"

"Nakudanganya."

Alicheka mpaka fimbo ikamdondoka. Kisha akasema, "Endelea. Ya kwako ni nzuri kuliko ya gazeti. Ila usimwue yule mwanamke."

Mtoto wangu wa kwanza alipozaliwa, rafiki yangu aliteremka mpaka Mbulumbulu kwa miguu na kwa lifti, akiwa na kondoo. Kwa Wamasai, watu wawili, mmoja akishampa mwenzake kondoo, wanaacha kuitana majina yao. Wanaitana Paker, wote wawili, maisha yao yote. Mimi ni Mwiraqw, sikujua kama inanihusu. Aliniambia inanihusu. Basi kuanzia siku ile nilikuwa Paker, na yeye alikuwa Paker, na wafanyakazi wa hoteli walitucheka kwamba tumekuwa kama kasuku wawili.

Alikuwa na mdogo wake, morani. Huyo naye alizoea kuja stoo kunywa chai yenye sukari nyingi, akasikiliza hadithi na sisi na kucheka mahali ambapo si pa kucheka. Jina lake nililijua kwa sababu alinitajia mwenyewe, akanifundisha kulitamka, akanisahihisha mara nyingi.

Ilikuwa ile miaka ambayo ng'ombe walikuwa bado wanateremshwa kreta kunywa maji na kulamba chumvi. Siku moja ilikuwa zamu ya rafiki yangu kuteremsha ng'ombe wa boma lao. Lakini gari la Arusha lilikuwa limeleta gazeti baada ya kulikosa kwa muda mrefu, na yeye alitaka kusikia. Akamtuma mdogo wake. Ukungu ulishuka, na kijana akakutana na nyati njiani. Ng'ombe walirudi peke yao.

Baada ya mazishi rafiki yangu alikuja stoo akaniambia, bila ukali wowote, "Paker, lile jina sasa tumeliweka." Nilielewa. Jina la aliyekufa halitajwi tena nyumbani kwao. Mtoto wa jirani aliyekuwa na jina kama hilo walimtafutia jingine. Rafiki yangu alipokuwa hana budi kumtaja alisema "yule mdogo wetu", basi. Nami nililiweka, miaka yote hiyo.

Nilistaafu, nikarudi shambani. Mke wangu alipofariki, binti yangu aliniachia simu kubwa nisiwe mpweke, na ndani ya simu nikaikuta dunia ile ile ya nyuma ya stoo. Watu wanatoa hadithi sehemu kwa sehemu, wasomaji wanalia wanataka mwendelezo. Kulikuwa na moja niliyoipenda, ya mtunzi wa Dar, habari za muuguzi na mume wake mlevi. Mtunzi akakatisha katikati, akapotea. Kundi zima likawa kama boma lililokosa maji. Nikaandika mwendelezo wangu mwenyewe, kwa kidole kimoja, nikautuma.

"Babu umetisha!" mmoja aliandika.

"Huyu babu ametutoa arosto ya mwendelezo," mwingine akajibu. "Mungu ampe maisha marefu, angalau mpaka Ijumaa."

"Babu, mume mlevi asiokoke haraka hivyo. Bado hatujamchukia vya kutosha."

Nilicheka peke yangu uani kama mwehu. Niliendeleza hadithi za watu wengine pia. Aliyekufa bila haki nilimfufua, waliogombana niliwapatanisha. Sikuona dhambi. Wahusika wenyewe hawakuwa watu, na mwenye hadithi hakuwa anazitaka tena. Rafiki yangu aliposhuka mnadani Karatu kuuza mbuzi alilala kwangu, nikamsomea. Alikuwa ameshajua kusoma, kanisani walimfundisha, lakini alisema sauti yangu ndiyo aliyoizoea.

Ndipo yule fundi cherehani akasema niandike ya kwangu, kwa sababu za wenzangu zimetosha. Nilijaribu. Nilitunga mkulima, nikatunga mwalimu, nikatunga mjane, wote wakawa kama vigingi. Hapo ndipo pana kitu kinachonichanganya mpaka leo. Watu waliotungwa na wengine niliweza kuwapa pumzi, na wa kwangu niliwazaa wamekufa.

Basi nikamchukua yule mdogo wetu. Nikaandika chai yake, kicheko chake, anavyoita ng'ombe. Katika hadithi yangu hakuna aliyemtuma, alikwenda kwa kupenda kwake. Na nyati alimkosa. Jioni ukungu ukapanda, akaingia bomani na ng'ombe wote, na mama yake akatoka nje akamwita kwa jina. Hapo hadithi iliisha. Niliamini kabisa kwamba nampa rafiki yangu zawadi. Siku moja, nilijiambia, nitamsomea, naye atasikia kwamba hakumtuma. Nilipanga kuweka jina la kubuni, na nililiweka. Kisha ukaja ule ujumbe wa sauti.

Nilibadilisha jina kila mahali. Nisiseme uongo sasa: yule fundi cherehani alikuwa na haki. Kijana alisimama. Kundi lililia, hata wanaume. Wakaisambaza kwenye makundi mengine, na mimi nikatembea Karatu mjini siku ile kama mtu aliyechaguliwa udiwani.

Baada ya muda mfupi nilipigiwa simu na binti wa rafiki yangu. Alizaliwa baada ya msiba ule, na kwa kuwa jina halikutajwa nyumbani, hakuwahi kulisikia.

"Baba mkubwa," alisema, sauti yake iko chini, "ile hadithi yako ilinifikia. Niliona jina lako chini yake, nikafurahi sana. Nikamsomea koko."

Koko ni bibi yake, mama wa rafiki yangu. Ni mzee sana, na akili yake inakuja na kuondoka. Binti alikaa naye mlangoni akawa anasoma na kumfasiria kwa Kimasai.

"Nilipofika pale mama anapomwita kijana wake," binti aliendelea, "koko alishika mkono wangu. Akaniuliza, amekuja? Nikadhani anauliza habari za hadithi. Nikamwambia ndiyo koko, amekuja. Akainuka, akaenda kukaa kwenye lango la boma. Baba aliporudi machungani alimkuta pale. Alikuwa amemwekea maziwa kwenye kibuyu na anakataza mtu asikiguse."

Nikamuuliza, "Na sasa?"

"Sasa baba anamwambia amekufa. Analia siku nzima. Akilala akiamka anauliza tena amefika wapi, na baba anamwambia tena. Baba mkubwa, ulijua?"

Nikasema nilijua.

Nilifuta hadithi siku ile ile. Lakini kwenye makundi mengine ilikuwa imeshaendelezwa. Mmoja alimwoza yule kijana mke wa Endabash. Mwingine alimpeleka Dar es Salaam akamfanya mpelelezi, akampa bastola. Niliwaandikia mmoja mmoja nikiwasihi wabadilishe jina, jina tu, mengine wafanye wapendavyo. Kijana mmoja akanijibu, "Babu acha wivu. Hata wewe ulianza kwa kuendeleza za wenzako." Kijana mwingine, wa Loliondo, Mmasai mwenyewe, akaandika kwamba mambo hayo ya majina ni ya zamani, kwao marehemu wanatajwa hata kanisani. Nikashika hilo neno kama mtu anayezama. Labda kosa si kubwa kama ninavyodhani, nilijiambia. Rafiki yangu ni mzee wa kanisa, anajua.

Nilimsubiri mnadani. Nilinunua kondoo jike, mweupe mwenye kichwa cheusi, nikasimama naye upande wa wauza mbuzi. Alikuja na shuka lake jekundu na koti zito, amekonda. Miaka yote alikuwa akiniona mbali anapaza sauti, Paker, na watu wanageuka. Safari hii alinifikia kimya akanipa mkono.

"Shikamoo, mzee," alisema.

Tunalingana umri. Hakuwahi kunipa shikamoo. Niliitikia kwa sababu mdomo umezoea kuitikia.

Nilianza kueleza. Nikasema nilitaka aache kujilaumu, ndiyo maana niliandika kwamba hakumtuma. Nikasema nimefuta. Nikasema hata vijana wao siku hizi wanataja, na kwamba mila zinabadilika.

"Wewe unasema mila," alinijibu. "Mimi nina mama yangu pale langoni."

"Naomba unisamehe, Paker."

"Nimeshakusamehe. Nilisali, nikasamehe." Alimwangalia kondoo, akampapasa mgongo kama mtu anayejua kondoo, kisha akanirudishia kamba mkononi. "Kondoo ninao, mzee."

Akaenda kwenye nyama choma na watu wa kwao. Mimi nilisimama pale na kondoo wangu mpaka mwanamke mmoja muuza mbuzi akaniuliza, "Babu, unauza au unanunua?"

Sijui kama amenisamehe au hajanisamehe. Alisema amesamehe na si mtu wa uongo. Tukikutana ananisalimia vizuri, ananiuliza habari za mvua. Kwangu halali tena, kuna nyumba ya jamaa zake mjini. Kundi nimetoka. Wakati mwingine sentensi inanijia shambani, nzuri tu, naiacha inapita, kwa sababu sijui tena ipi ni yangu na ipi nimemchukulia mtu. Kondoo yupo zizini, amezaa. Sijajua nimfanye nini.

Nilikubali kuweka jina moja kwenye hadithi. Lilimrudishia mama mzee msiba uliokuwa umeshazikwa, na mimi likanigharimu rafiki yangu. Mke wangu hayupo, wenzangu wa hotelini wametawanyika, na duniani alikuwa amebaki mtu mmoja tu wa kuniita Paker. Sasa ananiita mzee.