Nafasi ya Dada Mkubwa Kwenye Programu ya Harusi

Admin, jina langu lifiche kabisa, maana nusu ya kamati ya harusi iko humu na hawana kazi nyingine ila kusoma mambo ya watu.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita. Sijaolewa, sina mtoto, ni karani katika ofisi moja mjini. Naishi mtaa wa Jamhuri na mdogo wangu, nitamwita Shiro. Mama alipofariki Shiro alikuwa darasa la nne, nikamchukua. Kitanda kilikuwa kimoja, tukalala mzungu wa nne, kichwa kwa miguu, hadi nilipopata cha pili. Sasa Shiro anaolewa Jumamosi hii. Mchumba wake, kijana mpole wa Bungoma, amepata kazi Eldoret na watahamia huko mara tu baada ya harusi.

Mimi ndiye katibu wa kamati. Tunakutana kwenye hoteli moja pale Adams Arcade, chai na mandazi, na kazi yangu ni programu. Maharusi waingie saa ngapi, nani aombe, keki ikatwe kabla ya chakula au baada, kina mama wa kanisa waimbe nyimbo ngapi kabla MC hajawaomba waketi. Kupanga watu najua. Hata mjomba wetu, ambaye akishika maikrofoni harudishi, nilimweka kabla tu ya chakula ili njaa ya wageni imnyamazishe.

Basi kikao kilichopita shangazi yetu akaisoma programu yote, akaiweka mezani.

"Na wewe uko wapi hapa?"

"Mimi ni katibu, tata," nikamjibu, maana shangazi kwetu ni tata.

"Sijauliza mambo ya katibu. Wewe ni firstborn na umerukwa. Utafunikwa blanketi saa ngapi?"

Kwa wasiojua, kwetu mdogo akitangulia kuolewa tunasema mkubwa amerukwa. Upande wa bwana harusi humletea zawadi, na shangazi ameamua iwe blanketi. Anafunikwa mbele ya watu, halafu anasema kwa kinywa chake kwamba amemwachilia mdogo wake aende. Asiposema, wazee wanaamini ndoa ile haitatulia. Ilikuwa ifanyike siku ya mahari, lakini mvua ilinyesha, hema likavuja, kila mtu akasahau. Shangazi hakusahau.

Wafanyakazi wenzangu watakuwepo. Bosi wangu atatoka Lavington na mume wake. Nisimamishwe mbele yao nifunikwe kama mgonjwa wa malaria? Mimi sijawahi kulilia mume. Wawili walikuja kuniposa, wote niliwakataa na akili zangu timamu. Leo nipewe pole ya kitu ambacho hakijaniuma?

Tangu siku hiyo sijatulia. Nilikiweka kile kipengele baada ya keki, nikakitoa. Nikakiweka katikati ya chakula, watu wakiwa na sahani na hakuna anayesikiliza, nikakitoa tena. Mwenye cyber anayenichapia akaniuliza, "Madam, kwani hii harusi ni ya nani? Mbona kila siku unabadilisha?" Nilimjibu vibaya, na hakuwa amenikosea chochote. Chakula hakipiti. Ofisini naandika barua ya mtu huku nahesabu nani atakaa meza ya mbele.

Jana nikamfuata Shiro saluni alikokuwa anasukwa. Msusi alipotoka kuchemsha maji tukabaki wawili, nikaona hapo ndipo.

"Ambia tata hiyo maneno ya blanketi iachwe," nikamwambia. "Wewe umesoma. Si hauamini hizo vitu?"

"Siamini. But naogopa. Si unajua ile mimba ilitoka mwaka jana. Ikitokea kitu tena, sitaki nianze kujiuliza kama ni juu wewe hukusema umeniachilia."

"Na watu wote hao, Shiro?"

"Sahau watu. Blanketi tuiache. Sema tu hapa, tukiwa wawili, iishe. Tata nitamtuliza mimi."

Hapo hakukuwa na MC wala bosi wala blanketi. Nilifungua mdomo. Ndugu zangu, maneno hayakutoka. Nilijaribu tena, nikashindwa, nikasema nakimbia cyber kabla haijafungwa, nikatoka karibu nimgonge msusi na maji yake moto.

Sijafika barabarani simu ikalia, ujumbe kutoka kwa Shiro: "Kumbe hata si aibu ya watu. Ni wewe hutaki niolewe." Hajaniongelesha tangu hapo. Tunapishana tu jikoni.

Nami nimejichunguza nikaona karibu amesema kweli. Si wivu, Mungu ni shahidi yangu, na huyo kijana nampenda. Lakini Jumapili nitaamka, nitapika chai ya watu wawili, halafu nitakumbuka. Nimegombana na huyu mtoto juu ya sabuni, juu ya redio, juu ya viatu vyangu anavyovaa bila kuomba, na sijui kukaa nyumba ambayo hayumo. Pengine wale wanaume niliwakataa kwa sababu nilikuwa na mtu wangu tayari. Naogopa kubaki.

Nikisema nimemwachilia, nitakuwa nimedanganya siku ya harusi ya mtoto niliyemlea. Nikinyamaza, ataingia katika ndoa yake na hofu, na hofu hiyo nitakuwa nimempa mimi.

Programu inachapishwa kesho asubuhi na ile nafasi nimeiacha wazi. Hebu niambieni, nyinyi ambao mmeshatoa mtoto nyumbani. Mlimwambia "nenda" mkiwa mmeshakubali, au mlisema tu kwa mdomo na moyo ukafuata baadaye?