Mama Aliyelaza Majani

Habari imenifikia wiki hii kutoka Bwera: yule mama wa Butembo aliyeniuzia maziwa nilipokuwa mwalimu kijana Nyakiyumbu amefariki, na amezikwa upande huu wa mpaka, karibu na malisho yake. Alivuka mpaka miaka ya sitini akikimbia vita vya kwao, mjane mwenye ng'ombe wachache. Eneo alilopewa aliligawa kwa ua wa minyaa, akawa analisha kipande kimoja huku vingine vikipumzika. Majirani walimcheka. Nani aliwahi kusikia majani yakilazwa kama watoto? Mimi alinieleza huku akinipimia maziwa: "Mwalimu, majani nayo inachokaka. Ukiikulisha ng'ombe kila siku, itakufa, na ng'ombe itafuata."

Kiangazi kimoja cha miaka ya sabini, wanajeshi walipita na kundi la ng'ombe waliowachukua sijui kwa nani, wakielekea Katunguru. Mkubwa wao aliona kipande kilichopumzishwa, nyasi zimefika magotini, akafoka: "Wewe mama! Fungua hapa! Upesi!" Nilikuwa nimesimama pale na birika langu. Siku hizo watu walipigwa kwa makosa madogo zaidi. Mama alifuta mikono kwenye kitenge chake. "Karibu, afande. Lakini hapa majani ingali inalala. Kuya nikuonyeshe fasi yenye imeamuka. Ng'ombe yako itakula muzuri, na maji iko karibu." Afande alimkazia macho, kisha akaangua kicheko, akageuza kundi. Mama akatangulia, akiwaita wale ng'ombe wageni kana kwamba amewazaa yeye.

Walipoondoka, kipande walicholishwa kilibaki udongo mtupu, lakini kile kilicholala kilibaki na nyasi zake. Mvua nayo ikachelewa. Ng'ombe wa kijiji walipoanza kuanguka, jirani aliyemcheka kuliko wote alikuja kofia mkononi. "Mama, wangu wanakwisha." Mama hakumkumbusha lolote. "Leta," alimwambia. "Lakini tutafuata zamu." Wakafuata, wakavuka kiangazi, na mvua zilipokuja kila mtu alikuwa akipanda minyaa.

Tangu hapo nimefanya kazi chini ya wakubwa wengi, na nimeona hasira za ofisini na za nyumbani. Wengi wetu hujua njia mbili tu, kubisha au kunyenyekea, na zote mbili huacha uharibifu. Mama yule alinifundisha ya tatu: mwenye nguvu akiheshimiwa na kuonyeshwa pengine pa kwenda, huenda akageuka. Ila lazima apatikane mtu wa kumtangulia, hata kama anaogopa.