Aliyechomwa Leo Asikimbie Leo

Mwanangu, naikumbuka vizuri asubuhi ile subira iliponiisha, kwa sababu nilikuwa nimekubeba mgongoni unalia. Ilikuwa siku ya mbio za punda za sikukuu, hapa Mambrui. Kipusa, punda wetu wa kuteka maji, alikuwa keshapakwa hina, lakini mguu wa mbele umevimba, haugusi chini. Ami Athmani, ami wa babako, akaja na sindano.

"Shikamoo, Ami. Hiyo ya nini?"

"Marahaba. Ya maumivu tu. Kila mtu anachoma. Sisi tukiacha, tutakimbiza gogo?"

Akamchoma. Baada ya muda Kipusa akasimama kwa miguu yote minne. "Amepona!" wanaume wakashangilia. Ndilo kosa letu hilo: punda akiacha kuchechemea, basi kwetu amepona.

Swaleh, mdogo wake babako, akajiandaa kumpanda. Sikukuu iliyopita punda aliyechomwa sindano alimwangukia mchangani, na mpaka leo mkono wake haunyooki. Nikaikamata kamba.

"Hakimbii huyu!"

"We mwanamke," Ami akafoka, "mbio zakuhusuni?"

"Maji unayotawadhia yaja kwa mgongo wa nani, Ami? Wako?"

Watu wakacheka. Swaleh hakucheka. Aliupapasa mkono wake, akasema, "Shemeji, mrudishe nyumbani."

Nikamrudisha. Jioni dawa ilipomwishia, Kipusa alilala, na kuinuka hakuweza.

Mwanangu, ukiwa na homa nakupa dawa, kisha nakulaza. Sikupeleki harusini ukacheze. Dawa si mbaya. Anayetaka punda mgonjwa asitibiwe kabisa, huyo naye sikubaliani naye. Ubaya ni kuyanyamazisha maumivu ili mnyama akimbie. Na ukikua, mkubwa wako akikosea, msalimie kwa heshima, halafu mkatalie. Mungu akujaalie miguu mizima na ulimi usiotetemeka.

Kesho yake nilipeleka malalamiko kwa kamati ya mbio. Niliandika hivi:

"Mimi, mwenye punda aitwaye Kipusa, nalalamika rasmi. Punda wanachomwa dawa ya maumivu asubuhi ya mbio, wanakimbia wakiwa wameumia, na wanaowapanda wanavunjika. Naomba punda wote wakaguliwe, na aliyechomwa siku hiyo asikimbie, hata awe wa nani. Aliyemchoma wangu ni Athmani, ami wa mume wangu. Nimepita kwake kumwamkia kabla ya kuleta barua hii, na nimemwambia naileta."