Kiti Chenye Mpangaji

Watu wengine wakiletewa kochi bovu huona kazi. Fundi makochi tunayemsimulia hapa huona siri. Tangu utotoni alikuwa mtu wa kutaka kujua ndani kuna nini, na alichapwa si haba kwa kufungua redio na saa za watu, mpaka alipokua akapata kazi ambayo watu humshukuru kwa kuchana vitu vyao. Ndani ya makochi amekuta vitana, vijiko, funguo za milango ambayo haipo tena, na siku moja meno ya bandia. Mwenye meno aliyapokea bila haya, akayafuta kwa leso na kuyavaa palepale.

Udadisi huo amewarithisha wanawe. Binti yake, aliye darasa la tano, nyumbani huitwa Mpelelezi. Mdogo wake wa kiume huitwa Shahidi, kwa sababu lolote dada yake afanyalo, yeye alikuwepo.

Sasa, fundi akiwa kazini huweka misumari midogo mdomoni na kuitoa mmojammoja. Hapo hawezi kusema, hujibu “mm” tu. Watoto waligundua mapema kwamba “mm” hiyo haijawahi kumnyima mtu kitu, basi maombi yao yote huyapeleka misumari ikiwa mdomoni. Mama yao, mpishi wa shule asiyependa maneno mengi, hakuwagombeza. Alimhukumu mumewe: ulichokubali, umekubali. Ndiyo maana nyumba ile ina kengele ya baiskeli na haina baiskeli.

Basi Bibi Posta, mzee aliyestaafu kazi ya kugawa barua akabaki na ukali wake wote, alileta kiti chake cha kuegemea. Fundi akakipindua, akachana kitambaa cha chini, akakiacha wazi akaenda kutafuta springi. Asubuhi iliyofuata kiti kilikuwa na mpangaji. Paka wa kijivu asiye na mwenyewe alikuwa amezaa humo watoto watatu, na alimtazama fundi kana kwamba yeye ndiye aliyeingia bila hodi.

Fundi alipiga magoti akachungulia mpaka chai yake ikapoa. Miaka yote hiyo hakuwahi kukuta kitu kilicho hai. Mchana, misumari ikiwa mdomoni kwa kazi nyingine, Mpelelezi alimjia akauliza kama huyu paka sasa ni wao. Fundi akajibu alivyozoea kujibu, na Shahidi alikuwepo.

Mama alipopata habari alimwambia binti yake kwamba anayetaka paka atake na taabu zake. Atamlisha, atamsafishia, watoto wakikua atawatafutia pa kwenda, na kabla ya yote ataenda mwenyewe kumweleza Bibi Posta kwa nini kiti chake kitachelewa. Hilo la mwisho mtoto hakulitaka. Alijaribu kumtuma baba yake. Fundi, tuseme kweli, alimwogopa bibi yule kuliko hata mtoto alivyomwogopa.

Mpelelezi akaenda, mdogo wake nyuma. Bibi Posta alisikiliza mpaka mwisho, akachukua fimbo yake, akawafuata hadi karakana, akainama kwa shida na kuchungulia.

“Kiti kitangoja,” akasema. “Mimi nina kitanda. Hawa wana nini?”

Tangu hapo akawa anapita kila alasiri, akidai anakuja kukagua kazi.

Watoto wa paka walipoanza kula wenyewe, Mpelelezi alianza usaili. Aliyetaka paka alikalishwa kwenye stuli na kuulizwa amewahi kufuga nini, na kilikufaje. Muuza nyama alijisifu kwamba kwake mabaki ni tele, akanyimwa, kwa kuwa hakuuliza paka mwenyewe anapenda nini. Kinyozi alikiri aliwahi kusahau kuku nje wakati wa mvua na mpaka leo linamuuma. Huyo akapewa. Kila paka alipoondoka, Mpelelezi alijificha nyuma ya sponji akalia, kisha akanawa uso na kumwita anayefuata. Fundi alisikiliza nyundo ikiwa imesimama hewani. Alitaka sana kujua ujasiri ule mtoto kautoa wapi, maana kwake hakuutoa.

Alibaki mama paka. Huyo, Mpelelezi akatangaza, hatoki, ni wake.

Kiti kikaisha, kikapelekwa kwa mkokoteni, na jioni ile paka akatoweka. Walimkuta kwa Bibi Posta, ndani ya kiti. Mpelelezi akambeba akamrudisha. Kesho yake paka akarudi tena kitini. Akafungiwa chumbani, akapita dirishani. Ikawa kila akitoka shule, kabla hata ya kuvua sare, mtoto ni wa kwenda kumchukua paka aliyeondoka bila kuaga.

Lakini kiti kilichogongomewa vizuri, paka anaingiaje? Mama alimtazama mumewe. Mumewe akatazama miguu yake. Ikabidi aseme kwamba upande mmoja wa kitambaa cha chini hakuugongomea misumari. Alipofika pale, paka alikuwa amekaa mbele yake akimtazama, naye akaiweka nyundo chini. Huyu ndiye mtu anayefumua kochi zima kwa mshono mmoja uliopinda. Mkewe alicheka akajishika mbavu, akasema kumbe siku zote analea watoto watatu.

Mpelelezi hakucheka. “Baba, kagongomee,” akasema. “Pakizibwa, atakaa nyumbani.”

Wakaenda wote wawili, mtoto na baba yake, fundi akiwa na nyundo. Baada ya shikamoo, fundi alieleza aibu yake. Bibi Posta, aliyekuwa amekaa kitini, alisema aligundua tangu siku ya kwanza.

“Nikikaa namsikia anavyokoroma hapa chini. Nikadhani ndivyo viti vinavyotengenezwa siku hizi.” Kisha akainuka taratibu na kuwapisha. “Gongomeeni tu. Paka ni wa mtoto.” Akasogea dirishani akawapa mgongo.

Mpelelezi alilala kifudifudi sakafuni, akaingiza uso penye upenyo. Alikaa hivyo kitambo, na fundi akangoja, akitamani kujua anaona nini. Alichokiona ni hiki: paka alifumbua jicho moja, akamtambua, akalifumba. Hakuinuka.

Mtoto akatoka, akajifuta vumbi. Akamuuliza bibi paka anapenda kulala upande gani, anakula wapi, na radi ikipiga anafanya nini. Bibi alijibu yote bila kufikiri, tena akaongeza ambayo hakuulizwa, kwamba anaogopa ufagio, kwamba maziwa ya moto hayataki mpaka yapulizwe.

“Baba, acha,” Mpelelezi akasema. “Twende.”

Walipofika nyumbani, mama alikuwa mlangoni, akauliza paka yuko wapi. Fundi alifungua mdomo amtetee mwanawe, lakini mtoto akamwahi.

“Yuko nyumbani kwake,” akasema. Kisha akamkumbatia baba yake kiunoni, akalia kwa kwikwi mpaka shati likalowa.