Mkono wa Mwisho wa Polima

Térence wa Songo, mtaa wa Uvira, alikuwa na aibu moja tu maishani, nayo ilikuwa ya kemia. Mengine yote aliyamudu. Alikuwa katekista hodari, hesabu alizijua, na shati lake la Jumatatu lilikuwa jeupe hata wakati wa vumbi. Lakini wazungu waliofundisha sayansi Uvira walipofunga masanduku yao baada ya uhuru, akahitajika mtu wa kushika darasa la kemia, na macho yote yakamgeukia yeye kwa kuwa alizoea kujibu kila swali. Neno "sijui" halikuwahi kumtoka mdomoni. Huo ndio ugonjwa wake, na ndio uliomsimamisha mbele ya ubao na kitabu cha Kifaransa ambacho nusu yake ilikuwa giza tupu.

Alijikokota vizuri mpaka akafika kwenye polima. Kitabu kilieleza kwamba plastiki, ile ya mabeseni yaliyoanza kuonekana sokoni, imeundwa kwa vipande vidogo vilivyoshikana, na kila kipande kinaitwa monoma. Monoma yenyewe ilikuwa ethileni: kaboni mbili zilizounganishwa kwa mistari miwili, kila kaboni na hidrojeni zake mbili. Hapo hapakuwa na taabu. Kaboni ina mikono minne, kila mstari mkono mmoja, haizidi wala haipungui. Hilo wanafunzi wake walilijua hata usingizini. Taabu ilikuwa kwenye picha ya pili, ya polima. Mstari mmoja kati ya ile miwili ulikuwa umetoweka. Badala yake mikono miwili mipya ilitokeza nje ya mabano yaliyokizunguka kipande, mmoja kushoto na mmoja kulia, na chini ya mabano ilikaa herufi n, kimya, kama haihusiki.

Mstari umekwenda wapi? Kwa miaka Térence alikuwa akiwafundisha wachumba pale misioni kwamba walioshikana hawaachiani. Kichwani mwake mistari miwili ilikuwa ndoa, na polima ilikuwa kijiji. Sasa ni kijiji gani kinachojengwa kwa kuvunja nyumba za watu? Akaamua kwamba mchapaji wa kitabu alikosea. Ubaoni akaiacha mistari yote miwili, akaongeza mikono ya kushikia majirani, akapangusa chaki vidoleni akiwa ameridhika.

Mwanzoni mwa 1964 alikuja mkaguzi wa shule, Monsieur Damien, kutoka Bukavu. Alikaa nyuma ya darasa, akahesabu mikono ya kaboni kwa ncha ya kalamu, akahesabu tena. Hakumfedhehesha mbele ya wanafunzi. Alimngoja nje, akamwambia kwamba kaboni zake zina mikono mitano, na kwamba atarudi kusikiliza somo hilohilo. Likiharibika tena, darasa la kemia litafungwa, na Térence atarudi kufundisha watoto kusoma herufi.

Hapo akachanganyikiwa kweli. Alichora kwenye mchanga wa ziwa, alichora kwa mkaa kwenye meza ya jikoni mpaka mkewe Spès akachoka kuisugua. Akifuta mstari mmoja, moyo unakataa. Akiuacha, mikono inakuwa mitano. Tena ile mikono ya nje ya mabano inamshika nani? Aliye mwisho kabisa, yeye anashika nini? Spès alimshauri akawaulize mapadri. Alijibu kwamba anajua, anapanga mawazo tu.

Mwezi wa tano waasi waliingia Uvira, na kemia ikawa upuuzi. Waliosoma walianza kutafutwa kwa majina, na mji wenyewe ni mwembamba, mlima huku, ziwa huku. Térence alimchukua Spès na mtoto wao mchanga, Octave, wakapita njia za uchochoroni hadi kijiji cha Mutarule, kwa Gaspard, kaka yake Spès, aliyelima mpunga karibu na mto Ruzizi. Huko nako hakukukalika. Asubuhi moja Gaspard aliwakusanya majirani, akawapeleka mahali pa kuvukia kwa miguu, ili waingie Burundi.

Watu wa bondeni wana namna yao ya kuvuka pale. Wanashikana vifundo vya mikono, mstari mmoja, na anayeujua mto vizuri anakaa nyuma kabisa. Na wana katazo: mume asimshike mkewe kwa mikono miwili. Akiteleza mmoja, wanakwenda wote, na walio nyuma yao wanabaki hawana wa kumshika. Térence hakulijua hilo. Aliingia majini akiwa amemng'ang'ania Spès kwa mikono yote miwili, mtoto mgongoni mwa mama yake, na kitabu cha kemia kimefungwa kwa kitambaa kichwani mwa mwalimu. Nyuma yake jirani mmoja mzee, Mama Pélagie, alikuwa amenyoosha mkono, na hapakuwa na wa kuupokea.

Gaspard alikuja akikata maji, akaubandua mkono mmoja wa Térence.

"Weye shemeji, bibi yako umushike na mukono moja. Ule mwingine iko ya Mama Pélagie."

"Na mutoto?"

"Mutoto iko na mama yake. Leta mukono."

Térence aliogopa kuliko siku zote za maisha yake, lakini akautoa. Katikati ya mto kitambaa kilifunguka, kitabu kikaanguka, naye hakuwa na mkono wa kukidakia. Kilielea kidogo, kikaelekea ziwani. Wote walifika ng'ambo. Gaspard, aliyekuwa wa mwisho, mkono wake mmoja ulikuwa mtupu. Alitazama walikotoka, akaona watu wengine wanafika wakikimbia, akageuka kuwafuata. Walimwona akimshika wa kwanza wao. Kisha risasi zikalia kwenye matete, na waliovuka wakakimbia. Gaspard hakuonekana tena, wala mwili wake.

Huko Burundi Spès alilia hadi sauti ikamkauka. Siku moja, kijiti mkononi, Térence alichora vumbini kaboni mbili na mistari yake miwili. Akafuta mmoja. Kila kaboni ikabaki na mkono mtupu, akaunyoosha kwa jirani, akahesabu: minne. Kumbe ndoa haikuvunjika. Ilibaki na mstari mmoja, na mmoja ulitosha. Alitaka kufurahi, akaona aibu kufurahi, akafuta kila kitu kwa wayo.

Waliporudi Songo, waasi wakiwa wameondolewa, shule ilikuwa imefunguliwa tena, na Monsieur Damien akaja kama alivyoahidi. Térence alifundisha bila kitabu. Alichora ethileni, akafungua mstari mmoja, akaunga kipande kwa kipande hadi ukingo wa ubao, kisha akaufupisha mnyororo wote kwa mabano na n, akaeleza kwamba n ni vipande vingi ambavyo hakuna aliyevihesabu. Mkaguzi alihesabu mikono. Akaonyesha ule uliotokeza mwisho kabisa.

"Huu unashika nini?"

"Kwa sasa, hakuna kitu. Iko wazi juu ya kuchukua wengine."

"Na mnyororo unaishia wapi?"

Térence aliiweka chaki chini.

"Sijui, Monsieur," alisema.

Damien alitikisa kichwa kukubali, akasema darasa litaendelea. Jioni Térence alimsimulia mkewe kila kitu, kuanzia ule mstari uliofunguka hadi mkono uliobaki wazi. Spès alisikiliza akiwa amempakata mtoto.

"Ulitaja jina yake?" aliuliza.

Hakulitaja. Kesho yake, kabla ya kengele, aliuchora upya ule mnyororo, na kwenye ncha ya mkono wa mwisho akaandika G ndogo. Wanafunzi waliinakili kwa utiifu. Célestine peke yake ndiye aliyenyoosha kidole, akauliza hiyo G ni elementi gani, maana hakuiona kwenye jedwali.

Térence alipangusa chaki vidoleni, ingawa havikuwa na chaki nyingi.

"Ni shemeji yangu," alisema, akageukia ubao.