Siku Tuliyoficha Nyumba

Kila Idi ya kuchinja inapokaribia, wajukuu zangu hununua mbuzi na kumfunga chini ya dirisha la chumba changu, kwa sababu hapo ndipo penye kivuli. Huja kunitaka radhi kwa kelele. Hawajui kwamba kelele hazinisumbui hata kidogo. Kinachonifanya nifunge dirisha na kulala na joto langu ni harufu ya beberu, ile kali inayonata puani na kuingia mpaka kwenye foronya. Nikiisikia tu, narudi kuwa msichana wa miaka tisa, leso nimejifunga kifuani, kamba mkononi, mbuzi saba nyuma yangu, tunapita mbio nyuani kwa watu. Wajukuu nawaambia kwamba kifua changu hakipendi vumbi. Wewe msomaji nitakwambia ukweli, maana nimeuficha muda mrefu na umri niliofika haunipi nafasi ya kuendelea kuuficha.

Nililelewa na shangazi yangu Mwanakombo, dada wa baba, katika kijiji cha wakulima nyuma ya Likoni, mwendo wa saa nzima kwa miguu kutoka kivukoni. Mama alifariki nikiwa bado nanyonya, na baba alikuwa kuli bandarini, akija nyumbani Ijumaa kwa Ijumaa. Shangazi hakujaliwa mtoto. Alikuwa na mbuzi saba, minazi kadhaa, goti la kulia lililokuwa halimpi raha, na ulimi ambao kijiji kizima kiliuogopa na kuupenda. Kibaraza chake ndicho kilichokuwa gazeti letu. Neno likisemwa pale asubuhi, adhuhuri limeshawafikia waliokuwa wakipalilia mihogo upande wa Mtongwe.

Shida yetu kubwa ilikuwa maji. Kisima kilikuwa bondeni, njia yake mawe matupu, na kaskazi ikikaza maji yake yaligeuka ya chumvi hata chai ikawa kama mchuzi uliokosewa. Shangazi alishuka huko mara tatu kabla jua halijapanda. Nilikuwa nikimngoja juu ya kilima, namwona akija na debe kichwani, mkono mmoja umeshika debe na mwingine umeshika goti. Jioni nilimsugua goti hilo kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto. Alikuwa akisema, huku amefumba macho, kwamba Mungu akimjaalia mfereji mmoja tu wa maji ya bomba hapo kijijini, ataufunga leso mpya kama bi arusi. Leso yenyewe alikwisha kuinunua, nyekundu na nyeupe, iko sandukuni na karafuu ndani yake isiliwe na wadudu.

Siku hizo, vita vikubwa vikiwa vimekwisha juzi tu, kila nyumba ilitozwa kodi. Paa lililolaliwa na watu lilikuwa na kodi yake, na mwenye wake wawili katika nyumba mbili alilipa mara mbili. Jiko halikulipiwa, wala banda la mbuzi. Basi kila karani wa kuhesabu alipotokea, nyumba zetu nyingi ziligeuka majiko na mabanda kwa muda wa asubuhi moja. Vitanda vya kamba vilitolewa na kulazwa shambani kati ya mihogo, mikeka ikakunjwa, kuni zikapangwa mlangoni na majivu yakamwagwa sakafuni. Wazee walikwenda kukaa msikitini ili wasiulizwe wanalala wapi. Sisi watoto tuliipenda siku hiyo kuliko Idi, maana ndiyo siku pekee tuliyoruhusiwa kuchafua nyumba za watu tukasifiwa.

Shangazi ndiye aliyebuni hila ya mbuzi. Ilihitajika mtu mwepesi wa kuwaingiza mbuzi wale saba katika nyumba ya kwanza, kisha karani akishaandika na kugeuka, awatoe kwa mlango wa uani na kuwakimbiza mpaka nyumba ya mbele kabla yeye hajafika. Kazi hiyo ilikuwa ya binti mmoja wa jirani, nami nilimwonea wivu miaka yote. Mwaka ninaousimulia, binti huyo aliwekwa ndani kungoja kuolewa. Shangazi akasema, mbele ya watu kibarazani, kwamba karani akija tena mbuzi watakuwa wangu. Nilifanya mazoezi. Nilimzoea beberu, nikamjua anavutwa vipi na anabembelezwa kwa majani gani, na kila siku nikauliza karani atakuja lini.

Jumatatu moja nilikuwa natoka chuoni kusoma Kurani, juzuu yangu kifuani. Mzee Kassimu, mzee wa mtaa wetu, alikuwa amelala juani mbele ya nyumba yake, amejifunika blanketi, anatetemeka kwa homa. Yeye ndiye aliyekuwa akipeleka maneno yetu kwenye baraza la serikali kisiwani, ng'ambo ya kivuko, na kutuletea ya huko.

"Ndoo hapa, mwanangu," akaniita nisogee.

"Abee. Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mimi siwezi kusimama, na wanangu wanichukua Tiwi leo nikauguzwe. Kamwambie shangazi yako, Alhamisi yuaja karani kuhesabu nyumba. Huyu si wa kodi. Baraza limetenga fedha za mfereji mmoja, na mfereji utatiwa kijiji chenye nyumba nyingi. Mtu asifiche nyumba. Hata vibanda vya mbuzi na viwe nyumba. Umesikia? Hebu rudia."

Nikarudia neno kwa neno. Nilikuwa hodari wa kuhifadhi, ndiyo maana alinichagua. Akanipa kipande cha sukari guru, nami nikaenda zangu.

Ningependa kusema kwamba nilisahau njiani. Kwa miaka mingi nilijaribu hata kujiaminisha hivyo. Lakini nakumbuka mahali hasa nilipoamua, kwenye ua wa miti ya mikwakwa nyuma ya nyumba yetu, sukari guru ikiyeyuka mdomoni, nikimsikia beberu akilia. Nilifikiri kwamba nikiyasema yote, hapatakuwa na kuficha. Mbuzi watafungwa, vitanda vitabaki ndani, na mimi nitakaa kibarazani kama mgeni. Mfereji nao niliona ni jambo la wakubwa, walikuwa wakiuzungumza tangu sijazaliwa na haujaja, kwa hiyo si ajabu usipokuja tena.

"Shangazi, Mzee Kassimu asema Alhamisi yuaja karani kuhesabu nyumba."

Alikuwa anakuna nazi. Akainua uso. "Hakusema jengine?"

"Hakusema."

Akanitazama kidogo, akarudi kwenye mbuzi yake ya kukunia. Kufikia magharibi kijiji chote kilikuwa kimeshapata habari.

Alhamisi ilifika. Karani alikuwa kijana wa huko bara ya Rabai, mpole, suruali fupi iliyopigwa pasi, daftari chini ya kwapa, baiskeli anaisukuma kwa sababu mchanga wetu haukumruhusu kuipanda. Nilikimbia siku ile kama sijawahi kukimbia. Nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu, mbuzi wanaingia na kutoka kana kwamba wamefundishwa, na wanawake wananipiga makofi ya kimya kutoka majikoni. Nilijiona malkia. Nasema hivi nikiona haya, lakini ile ilikuwa asubuhi ya furaha kubwa kuliko zote za utoto wangu.

Alipofika kwetu, mimi na mbuzi tulikuwa tumeshatangulia. Alichungulia ndani ya nyumba ya nyuma, ile aliyolala baba Ijumaa, akamtazama beberu kwa muda mrefu.

"Mama, huyu sikumwona kule kwa jirani?"

"Mbuzi wote wa huku ni ndugu, mwanangu," Shangazi akajibu. "Hata sisi wenyewe twawachanganya."

Wanawake waliokuwa kibarazani wakaangua kicheko. Kijana naye akatabasamu, kisha akavua kofia yake ya jua na kujifuta jasho.

"Mama, nakwambia kweli. Leo sikuja kwa kodi. Nahesabu ili baraza lijue pa kuweka mfereji. Hawakuwaambia?"

"Ee, mwanangu. Na mwenzio mwaka jana alisema ahesabu apate kutuletea dawa ya mbu. Dawa hatukuiona. Kodi twaliiona."

Wakacheka tena. Karani aligeuka akanitazama mimi, mtoto pekee aliyekuwa pale, kana kwamba alitaka shahidi. Nilikuwa nimesimama mlangoni na kamba mkononi. Neno lilinijia mpaka kwenye meno. Nilihitaji kusema kitu kimoja tu, kwamba ni kweli, Mzee Kassimu amenituma. Lakini wote wangejua kwamba nilinyamaza tangu Jumatatu, na bado zilikuwa zimebaki nyumba nne za kukimbilia. Nikainama nikamkuna beberu shingoni. Karani akaandika, akavaa kofia yake, akaenda.

Miezi ikapita. Mzee Kassimu alirudi kutoka Tiwi amekonda lakini mzima, na siku chache baadaye barua ya baraza ikaletwa. Watu wakakusanyika uani kwake baada ya swala ya alasiri, wanaume mbele, wanawake nyuma, nasi watoto kando yao. Mwalimu wa chuo ndiye aliyeisoma. Barua ilisema mfereji umepewa kijiji cha pili, ng'ambo ya bonde, kwa sababu hesabu imeonyesha nyumba zao ni nyingi kuliko zetu kwa mbali. Ikaendelea kusema kwamba baraza limefurahishwa na wingi wa mifugo yetu, na kwa hiyo bwana mifugo atatumwa kuja kudunga mbuzi wetu sindano. Mtu mmoja alianza kucheka, akaona yuko peke yake, akaacha.

Mzee Kassimu alikuwa akitazama watu mmoja mmoja. "Lakini mimi nalileta neno," akasema. "Nalimtuma mwana huyu. Nikamwambia alirudie mpaka akalijua." Akaninyooshea kidole. "Hukumwambia shangazi yako?"

Uso wa kila mtu ukanigeukia. Mikono yangu ilikuwa imeshika pindo la leso, inalisokota.

"Aliniambia," Shangazi akasema nyuma yangu. "Mwana aliniambia yote. Ni mimi niliyepuuza."

Mtu akauliza kwa nini. Akajibu kwamba hakuwaamini watu wa baraza, kwamba alijiona mjanja, na kwamba karani naye alimwambia kwa kinywa chake akamcheka. Wanawake waliokuwako siku ile wakatikisa vichwa kuafiki, maana walikumbuka. Waliokuwa wakicheka naye ndio waliokuwa wa kwanza kumsema. Yule aliyekuwa gazeti la kijiji akawa habari yenyewe, na kibaraza chake kikakaa kitupu wiki nyingi.

Mimi nilifanyaje? Nilishukuru. Nilijiambia kwamba Shangazi amechanganya mambo, kwamba maneno ya karani ameyadhania yangu, na kwamba nimeponea chupuchupu. Niliamini hivyo kwa moyo wote kwa sababu kuamini hivyo kulinifaa. Bwana mifugo alipokuja na sindano zake akawakuta mbuzi saba tu, nilicheka mpaka nikashika mbavu.

Kaskazi ile kisima kilipogeuka chumvi, tulikwenda kuomba maji kwenye mfereji wa kijiji cha pili. Wenyewe walijaza kwanza, ndiyo haki yao, kisha wanawake wetu. Shangazi alisimama mwisho. Aliwapisha hata watoto waliokuja baada yake, hata wageni. Watu walidhani ni aibu, nami nilidhani ni goti. Mimi na debe langu dogo tulikuwa mbele, na nilikuwa nikigeuka kumpigia kelele kwamba anatuchelewesha.

Mfereji wetu ulikuja nikiwa nimeshaolewa na nina mtoto mgongoni. Shangazi alifungua sanduku akanipa ile leso nyekundu na nyeupe, imefifia kwenye mikunjo, bado inanukia karafuu. Akasema nikaifunge mimi. Nikaifunga, watu wakapiga vigelegele, nikatazama nyuma kumtafuta. Alikuwa mwisho wa mstari na debe lake, anamsukuma mbele yake mtoto wa mtu.

Mara moja tu nilijaribu kusema. Nilikuwa namsugua goti, nikaanza, "Shangazi, yule karani..." Akanikatiza. "Sugua hapo chini kidogo," akasema. "Hapo hapo." Nikasugua. Mwaka uliofuata tulimzika.

Binti yangu alikuwa na miaka tisa siku jirani alipokuja kuniuliza nani aliyevunja mtungi wake. Nilimgeukia mwanangu nimwulize, nikaona vidole vyake vimeshika pindo la nguo, vinalisokota. Nilijua pale pale, bila ya neno, kama angejua mtu yeyote aliyemlea mtoto. Nikakaa chini. Siku ile uani kwa Mzee Kassimu, Shangazi alikuwa amesimama nyuma yangu, hatua moja tu, na mikono yangu ilikuwa mbele ya macho yake. Na alikwisha kuniuliza Jumatatu ile kama halikusemwa jengine, akanitazama nilipojibu.

Hakuchanganya chochote. Alijua, akalibeba kosa langu, na akasimama nalo mwisho wa mstari miaka yote iliyombakia, kwa lile goti lake, na mimi niko mbele namwambia afanye haraka.